Sindano Sita

Gerezani, saa mbili asubuhi, lami haijaanza kuuma,
Bi Tausi Mwinjuma akaliingiza Kresta lake kwa kurukaruka
kama mtu aliyekanyaga msumari na hataki kusema.
Namba A. Vijana wakacheka. Siku hizi mji umefika E,
na gari la namba A ni babu aliyekataa kulazwa.

"Asubuhi linagoma, Kimara linakohoa,
na harufu ya petroli inanifuata hadi kitandani."
Nikafungua boneti, nikasikiliza.
Silinda sita: nne zinafanya kazi,
moja inasinzia, moja inadanganya.
"Mama, plagi nzima, moyo mzima. Hili lina kiu.
Sindano zimeziba."

Akaweka mkoba chini. "Sindano?
Mwanangu, nimechoma sindano Amana miaka thelathini na moja.
Gari lenyewe ni kiinua mgongo changu. Lete kigoda."

Nikachomoa fyuzi ya pampu, nikaliwasha lizimike lenyewe,
presha ishuke, maana petroli iliyobanwa haina adabu.
Nikavua waya wa betri. Nikang'oa reli ya mafuta taratibu,
sindano zikatoka moja moja, nyeusi vichwani
kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka.

Mipira yake imekauka, inakatika kama maganda ya karanga.
Kichujio cha juu, kidogo kama punje ya mtama,
nikakivuta kwa skrubu: kimejaa uji wa kahawia.
"Ulijaza wapi?"
Akatazama pembeni.
"Ule mwezi wa foleni. Kwa dumu. Mbagala.
Kijana alikuwa na haraka, na mimi pia."
Sikumsema. Nani hakununua dumu mwezi ule?

Nikazitumbukiza kwenye kopo la dawa, naye akasimulia
walivyochemsha sindano za kioo kwenye sufuria,
zamu ya usiku, jiko la mkaa,
walivyonoa ncha butu juu ya jiwe,
na mtoto mmoja aliyelia kabla ya kuchomwa,
akachomwa, akanyamaza, akamwangalia.
Mkono wake ulijua brashi kuliko mkono wa Chande, msaidizi wangu,
anayesugua chuma kana kwamba anakidai.

Kisha jaribio. Mrija wa dawa mdomoni, waya mbili kwenye betri:
gusa, achia. Gusa, achia. Usikawie, itaungua.
Tk. Ikatoa mate.
Tk. Ikatoa uzi.
Tk, tk, ukungu!
Mwavuli mdogo mweupe,
kama marashi yanayonyunyizwa mlangoni mwa harusi.
Bi Tausi akapiga kofi moja, akajizuia.
Ya pili. Ya tatu. Ya nne ilitaka chai na nusu saa. Ya tano.

Ya sita ilikaa kimya.
Tukairudia hadi jua likafika utosini.
Akaichukua, akaishika kwa vidole viwili
kama anayetafuta mapigo ya mshipa, muda mrefu.
"Basi," akasema. "Hii imekwenda."

Chande akakimbia Shauri Moyo, akarudi na ya mtumba.
Imetoka gari gani, lililogongwa wapi, hatukuuliza.
Elfu thelathini na tano, baada ya viapo vingi.

Mipira mipya, tone la oili kwa kila mmoja,
nikazisukuma kwa kidole gumba hadi zikakaa.
Ufunguo. Pampu ikanong'ona nyuma ya kiti.
Likawaka, likatetemeka pale kwa mgeni, likatulia.
Sikutaka kumwambia kwamba mgeni anamwaga kidogo zaidi,
lakini alikwisha kuinamisha sikio.
"Huyo mpya ana pupa."
"Atazoea, mama."
"Au wenzake watamzoea."

Akalipa, akahesabu mara mbili,
kisha akaitaka ile iliyokufa.
"Kazini tulizitupa kwenye boksi la njano, zikateketezwa,
hata sikujua ipi ilimchoma nani. Hii nipe."
Akaifunga kwenye leso, akaitia mkobani karibu na miwani,
ile miwani ambayo angepaswa kuivaa,
akarudi nyuma kwa kishindo, sauti moja safi,
nusura auchukue mkokoteni wa miwa.